Yatima wa Buhaya na Mkono wa Serikali

Historia ya usharika wowote wa Buhaya katika kipindi cha miaka mia moja haiwezi kusemwa kuwa imekamilika iwapo itataja majengo, wachungaji na wainjilisti, na kuwaacha nje watoto waliobaki majumbani baada ya wazazi wao kuzikwa. Sura hii inawahusu watoto hao. Inahusu pia swali ambalo wazee wa sharika walilisikia mara nyingi katika miaka ya tisini: Serikali inawafanyia nini watoto hawa, na lini? Sehemu ya pili ya swali hilo ndiyo nzito zaidi.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika Mkoa wa Kagera. Mkoa ulikuwa bado haujapona majeraha ya vita vya mwaka 1978 na 1979. Bidhaa zilikuwa adimu madukani, na biashara ya magendo kati ya Bukoba na Uganda ilikuwa imeshamiri. Wananchi waliupa ugonjwa huo jina la Juliana, ambalo ni jina la nguo zilizokuwa zikiingizwa na wafanyabiashara hao, kwa kuwa wao ndio walioonekana kuugua na kukonda kwanza. Ilipofika mwaka 1986, mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kuripoti wagonjwa. Upimaji uliofanyika Bukoba mjini mwaka 1987 ulionesha kwamba katika kila watu wazima 100, watu 24 walikuwa na virusi. Watu hao hawakufa mwaka ule. Walikufa baadaye, mmoja mmoja, kwa miaka kumi na zaidi iliyofuata. Na kwa kuwa virusi viliwapata wakiwa katika umri wa kuzaa na kulea, kila kaburi lilichimbwa kwenye kibanja chenye watoto.

Mila ya Wahaya ilikuwa na utaratibu wake kwa mtoto aliyefiwa. Ukoo ulikaa, ukamteua mrithi na mlezi, na mtoto akaenda kwa baba mdogo, kwa shangazi au kwa mjomba. Utaratibu huo ulifaa pale vifo vilipokuwa vichache. Lakini ilipotokea kwamba baba mdogo naye amelala kitandani, na shangazi amerudi kutoka mjini akiwa hoi, mzigo ulirudi nyuma kizazi kizima ukamwangukia bibi. Hapo ndipo zilipoonekana kaya zilizokuwa ngeni kwa nchi: mwanamke wa miaka sabini, wajukuu watano au sita wa matumbo mbalimbali, na katikati yao hakuna mtu mzima mwenye nguvu ya kulima. Katika baadhi ya nyumba hata bibi hakuwapo, na mkuu wa kaya alikuwa kijana wa miaka kumi na minne.

Ukweli unadai isemwe kwamba Kanisa nalo halikuanza vema. Katika miaka ya mwanzo, mahubiri mengi ya misibani yaliutaja ugonjwa huu kama malipo ya dhambi, na yaliyasikilizwa na watoto waliokuwa wameketi kando ya jeneza. Ilichukua muda kabla ya madhabahu kujifunza kunyamaza. Baadaye Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ilianzisha Huduma ya Watoto, iliyojulikana kwa kifupi kama HUYAWA, ambayo iliwasaidia yatima kwa mahitaji ya shule, ushauri na utetezi wa haki zao. Chama cha WAMATA kilichoundwa mwaka 1989 nacho kilifanya kazi ya namna hiyo. Pamoja na hayo, hakuna dayosisi wala chama kilichoweza kubeba mkoa mzima.

Basi Serikali ilikuwa wapi? Jibu la haki lina pande mbili. Upande mmoja ni kwamba Serikali ya miaka ya themanini ilikuwa imeelemewa na madeni, vita na kuanguka kwa bei ya mazao, na ilikuwa imekubali masharti ya wakopeshaji ya kubana matumizi. Idara ya Ustawi wa Jamii ilikuwa na maofisa wachache. Sheria iliyoitegemea kuhusu watoto ilikuwa ya mwaka 1937, iliyotungwa na wakoloni kwa kuwafikiria zaidi watoto waliovunja sheria kuliko waliovunjikiwa na nyumba. Makao ya Taifa ya Watoto yalikuwa Kurasini, Dar es Salaam. Na hata kama yangejengwa makao mengine ishirini ya namna hiyo, Kagera peke yake ingeyajaza.

Upande wa pili ni mgumu kuusema katika kitabu cha sherehe, lakini ndio uliowagusa watoto wenyewe. Nchi iliyokuwa imejivunia elimu ya msingi kwa wote kuanzia mwaka 1977 ilirudisha malipo shuleni katikati ya miaka ya themanini, wakati ule ule vifo vilipoanza kuongezeka. Kwa hiyo bibi aliyekuwa ameuza ng'ombe wa mwisho kumuuguza mwanawe alidaiwa ada, michango, sare na madaftari ya wajukuu watano. Mtoto aliyeshindwa alirudishwa nyumbani. Hakuna aliyepanga iwe hivyo kwa ubaya. Uamuzi wa fedha ulifanywa mahali pengine, na msiba ukatokea mahali pengine. Vikakutana katika mlango wa shule.

Hasara iliyotokana na miaka hiyo imepimwa. Kati ya mwaka 1991 na 1994, watafiti walizitembelea kaya zaidi ya 900 za Kagera mara kwa mara, wakapima urefu wa watoto, wakaandika wanachokula, wanachomiliki na madarasa waliyofika. Wakarudi mwaka 2004 kuwatafuta watu wale wale, hata waliohamia mbali, na tena mwaka 2010. Ni kazi ambayo nchi chache za Afrika zimeipata. Walipowalinganisha watoto waliofiwa na mama katika utoto na wale ambao hawakufiwa, waliona kwamba waliofiwa walikuwa, kwa wastani, wamepungukiwa na mwaka mmoja wa shule, na wamekuwa watu wazima wafupi kwa takriban sentimita 2. Sentimita mbili ni kidogo kwa jicho. Hata hivyo ni kipimo cha chakula ambacho hakikuwapo mezani kwa miaka mingi, na mwili haukuja kukifidia.

Rais Benjamin Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa katika hotuba yake ya kuukaribisha mwaka 2000, miaka kumi na sita baada ya wagonjwa wale watatu. Tume ya Taifa ya Kudhibiti UKIMWI (TACAIDS) iliundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Mwaka huo huo mataifa yaliyokutana katika Umoja wa Mataifa yaliahidi kuwa na sera za kuwasaidia yatima ifikapo mwaka 2003 na kuzitekeleza ifikapo 2005.

Lakini msaada mkubwa wa kwanza wa Serikali kwa yatima wa Buhaya haukuitwa msaada wa yatima, na huenda ndiyo sababu ulifaa. Kuanzia Januari 2002, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), ada ya shule ya msingi ilifutwa kwa watoto wote. Wanafunzi wa shule za msingi nchini waliongezeka kutoka takriban milioni 4.9 mwaka 2001 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Madarasa yalifurika, walimu walilalamika kwa haki, na ubora ulishuka. Pamoja na kasoro hizo, bibi wa Kamachumu au Kanyigo hakulazimika kupeleka barua yoyote kwa mtu yeyote, wala mjukuu wake hakusimamishwa mbele ya wenzake ili ajulikane kuwa ni yatima. Aliingia darasani kama mtoto mwingine. Januari 2016 ada ya sekondari za Serikali nayo ilifutwa hadi kidato cha nne.

Msaada wa pili ulikuwa dawa. Mwishoni mwa mwaka 2004 Serikali ilianza kutoa bila malipo dawa za kufubaza virusi katika hospitali zake na za mashirika ya dini. Kwa kawaida dawa hizi hutajwa katika historia ya tiba. Mahali pake katika historia ya yatima ni pa juu zaidi. Mama aliyeanza dawa mwaka 2005 akaishi hadi kumwona mwanawe akimaliza shule, huyo alizuia uyatima ambao hakuna kamati ya kijiji ingeweza kuuponya.

Mpango wenyewe wa taifa kwa ajili ya watoto ulikuja mwaka 2007, ukiitwa Mpango Kazi wa Taifa wa Watoto Walio katika Mazingira Hatarishi, wa mwaka 2007 hadi 2010. Jina hilo refu lina historia. Katika miaka ya tisini misaada mingi ilitolewa kwa neno moja tu, yatima. Neno hilo lilileta mambo mawili yasiyotarajiwa. Kwanza, lilimwacha nje mtoto ambaye baba yake bado anapumua lakini hawezi kuinuka kitandani, ingawa hali yake ilikuwa mbaya kuliko ya yatima aliyelelewa na mjomba mwenye duka. Pili, liligeuka kuwa alama. Mgeni alipofika na madaftari, majina yaliitwa, watoto walipanga mstari, na nyumbani watoto wa mlezi waliwauliza wenzao kwa nini wao hawapewi. Kwa sababu hiyo wenye kutunga mpango waliliacha neno yatima, wakakabidhi kazi ya kuwatambua watoto kwa wanakijiji wenyewe. Mkutano wa kijiji ulikaa, ukaeleza kwa maneno yake ni mtoto wa namna gani aliye katika hatari, ukaorodhesha majina, na kamati ikachaguliwa kuwafuatilia.

Utambuzi ulifanyika vizuri kuliko utoaji, na hilo ndilo lalamiko la haki la vijiji vingi. Majina yaliandikwa, yakapelekwa kata, yakafika halmashauri, na mara nyingi yakaishia humo. Halmashauri haikuwa na fungu la kutosha, na kile kilichotolewa kilitegemea mfadhili aliyepo katika wilaya ile mwaka ule: hapa sare, kule kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii, kwingine godoro. Mzee wa kamati aliyewaandika watoto arobaini na kupokea mablanketi kumi na mawili alibaki na kazi ya kuchagua, na majirani zake hawakumsamehe upesi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliweka wajibu huo wazi, kwamba kulinda ustawi wa mtoto ni jukumu la mamlaka ya serikali ya mtaa mahali alipo. Sheria ilikuwa njema. Haikuja na kasha la fedha.

Nchi nyingine zilizopigwa na janga hili zilichagua njia tofauti, na inafaa kuzitazama kwa kifupi. Botswana, yenye almasi na watu wachache, ilianza mwaka 1999 kumpa yatima aliyeandikishwa kapu la chakula kila mwezi pamoja na mahitaji ya shule. Kenya ilianza mwaka 2004 na kaya 500 tu za Kwale, Garissa na Nairobi, ikizipa fedha taslimu kwa sharti la kulea yatima. Miaka kumi na mmoja baadaye kaya zilizopokea zilikuwa takriban robo milioni. Afrika Kusini ilikuwa na ruzuku nono kwa mlezi aliyethibitishwa na mahakama, ikakuta mahakama zake zimejaa mabibi wanaoomba kutambuliwa rasmi kuwa walezi wa wajukuu zao wenyewe, huku maofisa wa ustawi wakikosa muda wa kuwashughulikia watoto waliopigwa na kuteswa.

Tanzania ilifika kwenye fedha taslimu kwa kuchelewa. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulioanzishwa mwaka 2000 ulijenga kwanza madarasa, zahanati na visima. Majaribio ya kutoa ruzuku kwa kaya zenye wazee na watoto walio hatarini yalifanyika Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, na mwaka 2012 ukazinduliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini kwa nchi nzima. Katika viwango vya awamu hiyo, kaya ilipata msingi wa shilingi 10,000 kwa mwezi, nyongeza kwa kuwa na watoto, na shilingi 2,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, mradi ahudhurie masomo. Malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili. Yatima hakutajwa kabisa katika masharti. Aliyetajwa ni kaya maskini, na katika Buhaya kaya maskini mara nyingi ilikuwa ile ya bibi na wajukuu.

Jambo hilo lilikuwa limekwisha kuonekana karibu, huko Nshamba katika Wilaya ya Muleba. Mwaka 2003 shirika la Kwa Wazee lilianza kuwapa wazee pensheni ndogo kila mwezi, pamoja na nyongeza kwa wale waliolea wajukuu. Wengi walitabiri kwamba fedha zingepotea. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilikuta zimekwenda kwenye chumvi, sabuni na viatu vya shule. Shirika si Serikali, na Nshamba si taifa. Lakini hoja iliyotoka huko ni ya kiserikali. Ukitaka kumfikia yatima bila kumwaibisha, mpe bibi yake. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwapa wazee wote wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama ni maskini. Tanzania Bara haijafanya hivyo.

Yapo mambo mawili ambayo fedha peke yake haikuyatatua. Moja ni ardhi. Mtoto wa Buhaya aliyepoteza kibanja alipoteza chakula, kaburi la wazazi wake na anwani yake. Kanuni za urithi za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimweka binti mwisho, na mjane akabaki kutegemea wanawe. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua katika shauri lililotoka Kagera kwamba mwanamke aliyerithi shamba la ukoo anaweza kuliuza kama mwanamume. Hukumu hiyo ilisomwa mbali sana na Tanzania. Vijijini ilifika polepole. Katika misiba mingi ya miaka ya tisini, ndugu wa marehemu walikwisha kugawana kahawa na migomba kabla ya matanga kwisha, na mjane akarudishwa kwao. Sheria ya Mtoto sasa inakataza mtoto kunyimwa haki ya kutumia mali ya mzazi wake aliyefariki. Lakini sheria hiyo ilikuja wakati vibanja vingi vilikuwa vimekwisha kubadili mwenyewe.

La pili ni karatasi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 uliona kwamba katika kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka mitano, 16 tu walikuwa wameandikishwa kuzaliwa. Kwa yatima wengi wa Buhaya, cheti cha ubatizo kilikuwa ndiyo karatasi pekee iliyotaja jina la mama na la baba kwa pamoja, na makatibu wa sharika waliombwa kukinakili kwa ajili ya shule, polisi na mahakama. Cheti cha kifo kilikuwa taabu zaidi. Wazazi waliofia nyumbani walizikwa kibanjani, ibada ikafanyika, jina likaingia katika kitabu cha maziko cha usharika, na kwa Serikali mtu huyo akabaki hai. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipoanza kazi mwaka 2005 iliwapa yatima kipaumbele, na ikadai, kama ilivyostahili, cheti cha kifo. Ndipo vijana waliofaulu kidato cha sita walipoanza kusafiri kutoka ofisi hadi ofisi wakitafuta uthibitisho wa jambo walilolijua tangu wakiwa na miaka minne.

Sehemu kubwa ya fedha zilizopita katika mikono ya halmashauri na mashirika kwa ajili ya watoto hawa haikutoka katika hazina ya Tanzania. Ilitoka Marekani, ambayo kwa sheria ya mwaka 2003 ilianzisha mpango wake wa dharura dhidi ya UKIMWI (PEPFAR) na kutenga sehemu ya kumi kwa ajili ya yatima na watoto walio hatarini. Miradi kama Pamoja Tuwalee na baadaye Kizazi Kipya ilijulikana vijijini kuliko Idara ya Ustawi wa Jamii yenyewe. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai 2025 shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Wahudumu wa jamii waliozoea kubisha hodi kwa bibi kila mwezi waliambiwa kazi imekwisha. Kilichobaki mikononi mwa Serikali ni ruzuku ya TASAF, elimu bila ada, sheria, na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto ambazo tangu mpango wa mwaka 2017 zimechukua nafasi ya zile kamati za awali.

Watoto waliokuwa na miaka saba wakati wapimaji wale walipopita na rula zao mwaka 1991 sasa wamevuka miaka arobaini. Wamo katika kwaya, katika mabaraza ya wazee na katika kamati za ujenzi za sharika zinazoadhimisha miaka mia moja. Baadhi yao wanalea wajukuu wa dada zao. Na wapo ambao bado, kila wanapofuatilia mirathi ya kibanja cha baba, hufika ofisi ya usharika kuomba ukurasa mmoja wa kitabu cha maziko unakiliwe na kugongwa mhuri.